Kuanguka si hoja: namna ya kupima upako (nguvu ya Roho Mtakatifu) kwenye mikesha ya maombi

Watu wa Pwani hawahitaji kuelezwa mtu akipandisha pepo huwaje. Kuanzia Lamu hadi Malindi ngoma za pepo zinajulikana, na pepo huulizwa jina lake na anachotaka. Basi mtetemo, kilio na kuanguka havitoshi kumtambulisha Roho Mtakatifu. Havimkanushi pia. Jonathan Edwards, mchungaji wa Northampton, alifundisha hivyo mwaka 1741 wakati wa uamsho katika makoloni ya Amerika: dalili za mwili hazithibitishi lolote, huku wala kule.

Maliza ya mwili kwanza. Ukumbi wa mabati, joto la Malindi, waumini wamefunga kavu, bila chakula wala maji, wanapumua kwa kasi huku wakirudia neno moja: kabonidioksidi hupungua kwenye damu, vidole hufa ganzi, mikono hukakamaa, kizunguzungu kikaja. Hapo pepo hajaingia wala upako haujashuka. Mketishe penye upepo, apumue polepole, na akiwa na fahamu zake mpe maji. Akishikwa na kifafa, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Zikipita dakika 5, mpelekeni hospitali. Maombi yataendelea njiani.

Kisha jaribu breki. Paulo anasema roho za manabii huwatii manabii (1 Kor 14:32), kwa hiyo mwambie anenaye kwa lugha, kwa upole, asubiri zamu. Kipimo cha 14:27 ni wawili, wakizidi sana watatu, kwa zamu, na mmoja afasiri. Asipokuwepo wa kufasiri, anyamaze. Anayesema hawezi kujizuia, akakasirika kwa kuombwa, ana tatizo, hata kama machozi yake ni ya kweli. (Mkesha ukivuka saa nane za usiku, wazee nao husinzia, na uongo mwingi hupita hapo.)

Kuangushwa kunapimika kirahisi. Simama mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, magoti yasikazwe, na umwombe mtumishi asikuguse paji la uso. Kiganja kinachosukuma, na mdakaji aliyekwisha kaa nyuma yako, hufanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Unabii uandikwe katika daftari: tarehe, maneno yenyewe, umemhusu nani. Bila daftari, maneno yasiyotimia hugeuzwa maana. Ukiambiwa nabii alijua namba ya simu ya mgeni au ugonjwa wa mamake, uliza kwanza nani alikusanya karatasi za mahitaji ya maombi mlangoni, na mgeni huyo ameandika nini Facebook. Wengi huishia kwenye Kumbukumbu la Torati 18:22, kwamba neno lisilotimia halikutoka kwa Bwana, wakaisahau sura ya 13: hata ishara ikitimia, ikikuvuta kwa miungu mingine, ikatae. Yule kijakazi wa Filipi alisema kweli tupu kuhusu Paulo, na bado alikuwa na pepo wa uaguzi. Waliofaidika ni mabwana zake (Matendo 16). Kwa hiyo fuata pesa. Ufunuo unaoishia kwenye namba ya till ya kulipia kwa simu na kiwango cha "mbegu", yaani sadaka ya kutarajia baraka, una bwana wake.

Jambo moja halisubiri daftari. Neno linalowatenga watu na hospitali, shule, ndugu zao au chakula linakatazwa palepale. 1 Timotheo 4:3 inawataja wakatazao ndoa na vyakula. Msitu wa Shakahola, walikokufa waumini walioamriwa kufunga hadi kufa, uko nyuma ya Malindi hapa, na mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo. Ukisikia mtoto amelazimishwa kufunga kula, au mtu mzima ameamriwa kufunga bila ukomo, nenda kwa chifu au polisi siku hiyohiyo. Usingoje kikao cha wazee.

Yaliyobaki yape wiki sita. Matunda ya Wagalatia 5:22 hayaonekani madhabahuni. Muulize mke wa huyo anayedai upako, halafu muuzaji wa duka anakokopa unga. Akiwa amelipa, andika na hilo.