Skripti zote ziwe PDF kwa mkupuo mmoja

Wadau wa skripti hapa Dom, hasa nyie wa tamthilia za episodi kibao, hii ya kufungua faili moja moja afu ku-save PDF mpaka usiku achaneni nayo. Ukiwa na LibreOffice (programu ya kuandikia kama Word, ya bure na haili bando ikishaingia), weka docx zote (faili za Word) folda moja, fungua cmd (lile dirisha la Windows la kuandika amri) humo humo andika:

soffice --headless --convert-to pdf --outdir tayari *.docx

Windows ikigoma kuijua soffice weka njia nzima, "C:\Program Files\LibreOffice\program\soffice.exe", na hizo alama za nukuu usizitoe. Kama LibreOffice iko wazi ifunge kwanza, la sivyo unaweza kukuta hola na hata eror haijatokea. We nenda kale zabibu zako, ukirudi PDF ziko kwenye folda ya tayari, unabeba flashi steshenari.

Ishu kubwa ni fonti aisee, mashine ikiwa haina ile Courier uliyoandikia inachomeka nyingine, kurasa zinahama, na mnajua ukurasa mmoja unahesabiwa kama dakika moja hivi ya picha, so prodyuza anapiga bajeti ya uongo. Shusha Courier Prime, ni bure. Zile fdx za Final Draft (programu ya kuandikia skripti) hazimo humu, hizo zitoe huko huko.