Kutengeneza Kwanza, Mizani Baadaye: Kipato cha Ziada kwa Vitu Vibovu vya Nyumbani

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na hasa baada ya mji huu kuwa jiji mwaka 2018, nyumba za kupanga zimeongezeka sana Nzuguni, Ipagala, Kisasa na Nkuhungu, na wapangaji wanapohama huacha nyuma feni zisizozunguka, pasi zisizopata moto na koki zinazovuja. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitumia jioni na mwisho wa juma kutengeneza vitu hivyo, na visivyotengenezeka navifumua na kuviuza kama chakavu. Ushauri wangu mkubwa kwa anayeanza ni kwamba kitu kinachofanya kazi hulipa zaidi ya kilo zake, kwa hiyo kisifike kwenye mizani kabla hujakichunguza.

Hatua ya kwanza: vifaa. Anza na bisibisi bapa na ya nyota, koleo, spana, tesita, kisu kikali, tupa, chupa ndogo ya mafuta ya cherehani na mita ya kupimia umeme. Sumaku usinunue, ing'oe kwenye spika ya redio iliyokufa.

Hatua ya pili: jua mpaka wako. Kutandaza nyaya za umeme ndani ya nyumba ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na mteja akikuomba uifanye bila leseni, kataa kwa heshima. Vyombo vinavyochomolewa kwenye soketi, vitasa na koki vinatosha kukupa kazi.

Hatua ya tatu: feni. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa joto na vumbi la Dodoma hufanya feni kuwa kazi inayokuja mara nyingi kuliko nyingine. Pangaboi likinguruma bila kuzunguka, au likizunguka pale tu unapolisukuma, shuku kwanza kapasita, kile kifaa kidogo kinachotunza chaji na kuisaidia mota kuanza kuzunguka. Zima swichi kuu, hakikisha kwa tesita kwamba umeme umekatika, kisha fungua kikombe cha juu na kabla ya kushika chochote gusanisha miguu ya kapasita kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki. Soma maandishi ya ubavuni: idadi ya mikrofaradi (µF) ya kapasita mpya iwe ileile, na volti zisipungue zile za zamani. Ikiwa feni bado ni nzito, zungusha mhimili kwa mkono. Mhimili ukikwama, futa vumbi lililogandana na mafuta ya zamani, dondoshea mafuta ya cherehani matone mawili matatu kwenye bushi, na uzungushe tena mpaka ulegee. Koili, yaani nyaya zilizoviringwa ndani ya mota, zikiwa nyeusi na zina harufu ya kuungua, ndipo feni hiyo inakuwa chakavu.

Ninasisitiza mpangilio huu kwa sababu feni ya pili niliyoipata niliipeleka kwenye mizani bila kuipima. Mnunuzi aliichomeka mbele yangu, akasukuma panga lake kwa kalamu, nalo likaanza kuzunguka. Alikuwa ameshanilipa kwa kilo, na feni ikabaki kuwa yake. Iliniuma sana.

Hatua ya nne: pasi na birika la umeme. Chomoa, kisha pima ukinzani kati ya pini mbili kubwa za plagi, swichi ikiwa imewashwa. Kwa umeme wetu wa volti 230, pasi ya wati 1,000 inapaswa kuonyesha takriban omu 53, na birika la wati 2,000 takriban omu 26. Mita isipoonyesha chochote, mara nyingi waya umekatika karibu na plagi au pale unapoingia kwenye mpini, na matengenezo ni kuukata sehemu hiyo na kuuunga upya vizuri. Pima pia kati ya pini hizo na bati la nje: mita ikionyesha kwamba umeme una njia yoyote ya kupita, usimrudishie mwenyewe chombo hicho, kwani kinaweza kumpiga shoti. Birika lenye ukoko mweupe wa maji ya kisima husafishwa kwa siki iliyochanganywa na maji, likaachwa kwa saa moja na kusuuzwa.

Hatua ya tano: koki. Funga maji kwenye mita ya maji, fungua kichwa, badilisha mpira. Ni kazi fupi, na mama mwenye nyumba aliyeondolewa kero ya bomba linalodondoka usiku kucha atakuita tena.

Hatua ya sita: tenganisha chakavu. Kinachonaswa na sumaku ni chuma. Kisichonaswa kinaweza kuwa shaba, brasi au aluminiamu, nawe kikwangue kwa tupa: wekundu ni shaba, unjano wa koki nzito ni brasi, weupe mwepesi ni aluminiamu. Angalia hasa waya wa koili, kwa sababu mota nyingi za bei nafuu zina aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba, na kisu kikipita juu yake weupe hujitokeza papo hapo. Usichome nyaya ili kuondoa plastiki. Moshi wake ni sumu kwako na kwa watoto wa jirani. Zichune kwa kisu. Betri za magari usizivunje, kwa kuwa zina asidi na risasi, na mabomba ya friji usiyakate kabla fundi wa majokofu hajatoa gesi.

Pima kila fungu nyumbani, kisha uliza bei ya kila metali kwa wanunuzi wawili au watatu. Anayetaka kununua vyote kwa bei moja ya mchanganyiko anachukua shaba yako kwa bei ya chuma.

Hatua ya saba: asili ya mali. Usipokee nyaya za TANESCO, mifuniko ya mitaro, alama za barabarani wala vipande vya reli, hata uambiwe nini. Andika jina na simu ya kila anayekuuzia. Ukikua kufikia kukusanya na kusafirisha mizigo mikubwa, nenda kwanza NEMC, baraza la taifa la mazingira, ukaulize kuhusu kibali.

Hatua ya nane: daftari. Andika tarehe, kitu, ulichotumia kununua vipuri na ulicholipwa. Mimi humpa mteja siku 14 za kurudisha kilichoharibika upya, na tarehe ya mwisho naiandika kwa kalamu ya wino chini ya kitako cha feni au pasi yake.