Kabla hujaingia MRI ya kichwa, zingatia haya

Nilimpeleka mama kupiga MRI ya kichwa, kile kipimo cha mashine kinachopiga picha za ndani ya kichwa, hospitali moja hapa Dar, tumetoka Mbagala alfajiri, na kilichotuchelewesha mlangoni ni pini. Za ushungi. Mtaalamu anazitoa moja moja anaweka kwenye kisahani, akidhani zimeisha anapapasa anaikuta nyingine nyuma ya sikio. Hatukuambiwa mapema, ndo maana naandika.

Kwanza MRI siyo CT skani. CT inatumia mionzi na inaisha chap, MRI haina mionzi kabisa, ni sumaku kubwa sana na haizimwi, hata ukiikuta mashine imenyamaza jua sumaku ipo kazini. Kwa hiyo simu, funguo, saa, hereni, sidiria yenye waya, wigi yenye klipu, vyote vinabaki nje, na kadi ya benki inaweza kufutika. Hata hirizi jamani, kama ina chuma itoe, wengi wanaona aibu kuisema ila pale hakuna anayekuhukumu, wanataka utoke salama.

Kilichomo mwilini ndo kizito zaidi. Betri ya moyo, klipu kwenye mshipa wa ubongo, chuma ulichowekewa baada ya ajali ya bodaboda, taja vyote, vingi havina shida ila waache wao waamue, na karatasi za upasuaji nenda nazo. Nyie mafundi wa kuchomelea vyuma wa mtaa wa Gerezani hapa Dar na kwingineko, kama chuma kiliwahi kukuruka jichoni sema, kachembe kadogo tu kanaweza kusogea kakaumiza jicho, ndo maana wengine wanapigwa eksirei ya macho kwanza. Mjamzito naye aseme.

Ukishalala kichwa kinafunikwa na kitu kama kofia ya wavu, kitanda kinaingia kwenye tundu, halafu makelele, ko ko ko ko, mara kama mtu anatoboa ukuta na drili. Unapewa vya kuziba masikio na kipira cha kubonyeza ukizidiwa. Kazi yako ni kutulia dakika 20 mpaka 45 hivi, ukitikisa kichwa picha inaingia ukungu wanarudia. Mama alifumba macho kabla kitanda hakijaingia akawa anavuta uradi kimoyomoyo mpaka mwisho. Anayeogopa sehemu finyu aseme mapema, anaweza kupewa dawa ya kumtuliza, ila hapo aende na mtu, asirudi peke yake na basi la mwendokasi.

Kula kawaida unakula, labda wakwambie ufunge. Wakitaka kukuchoma dawa ya kung'arisha picha wataulizia figo na aleji.

Picha za zamani beba, zinalinganishwa. Na ukimuuliza mtaalamu ameona nini akanyamaza usiingiwe na hofu, hajakuficha ugonjwa, kuzisoma ni kazi ya daktari wa picha na majibu yanakuja baadaye.