Kumtafuta kocha mkuu wa basketi chuoni wakati timu inafungwa kila wiki

Timu ya chuo cha hapa Mombasa ikimaliza msimu na ushindi mmoja au miwili, neno la kwanza kusikika ofisi ya michezo ni "tutafute kocha mwingine." Huenda ni kweli anahitajika. Lakini kocha mpya akiletwa kwenye uwanja usio na taa, mipira minne na nauli ya Nairobi inayotoka siku moja baada ya mechi, atafungwa vilevile, na mwaka ujao chuo kitatangaza nafasi ileile. Kazi huanza kabla ya tangazo: mjue timu inafungwa kwa nini, na katika hayo ni yapi ambayo kocha anaweza kuyatibu.

Anzeni na hesabu

Chukueni mechi 6 za mwisho. Karatasi rasmi ya meza huonyesha pointi na faulo. Mipira iliyopotea na ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa) hazimo. Kwa hiyo mtafute video, hata ile ya simu iliyorekodiwa na mwanafunzi akiwa ukingoni, mkae watu wawili mhesabu. Kama hakuna video, rekodini mechi mbili za kirafiki. Kinachotafutwa ni idadi ya zamu, yaani mara ambazo timu ilipata mpira wa kushambulia. Kanuni ni hii: mitupo yote ya kawaida, ongeza 0.44 mara mitupo huru, toa ribaundi za kushambulia, ongeza mipira iliyopotea.

Mfano. Timu imetupa mara 62 na kufunga 20, nne kati ya hizo zikiwa za pointi 3. Imepata mitupo huru 14 na kufunga 8. Ribaundi za kushambulia 10, mipira iliyopotea 24. Zamu ni karibu 82, pointi 52. Zamu 24 kati ya 82 ni asilimia 29: karibu mara tatu katika kila kumi, mpira haukufika hata kutupwa. Zile zamu 58 zilizobaki zilizaa pointi 52, karibu 0.9 kila moja. Timu hiyo ikipoteza mipira 15 badala ya 24, inaongeza pointi kama 8 bila mchezaji yeyote kuwa mlengaji bora, na hapo hatujahesabu vikapu vya bure ambavyo wapinzani huvipata wakiukwapua mpira katikati ya uwanja. Ugonjwa wa aina hii ni wa mafunzo, na kocha ndiye dawa yake.

Ikiwa mipira haipotei sana lakini ribaundi zinachukuliwa zote na wapinzani, angalieni vimo na usajili. Ikiwa robo tatu za kwanza mko sawa na ya nne mnaachwa kwa pointi 15, hilo ni suala la pumzi na kina cha benchi. Timu inayofanya mazoezi mara mbili kwa wiki haiwezi kumaliza dakika 40 kwa nguvu, hata aje kocha gani.

Yale ambayo si ya kocha

Zungukeni uwanjani na futi ya kupimia. Kikapu kinatakiwa kiwe mita 3.05 kutoka chini. Sakafu ya zege ikimwagwa upya juu ya ile ya zamani, kikapu kinabaki palepale na kimo kinapungua, na wachezaji wanajizoeza kitu kisichokuwepo kwenye uwanja wa ugenini. Mstari wa pointi 3 uwe mita 6.75, viwanja vingi bado vina mstari wa zamani wa 6.25. Hapa pwani upepo wa chumvi hula bolti za ringi kimyakimya, kwa hiyo zikaguliwe kwa spana, macho hayatoshi. Mipira: mmoja kwa kila wachezaji wawili ni kiwango cha chini, saizi 7 kwa wanaume na 6 kwa wanawake. Ile ya ngozi huchakaa haraka sana juu ya zege, basi nunueni ya mpira au ya ngozi bandia kwa mazoezi ya nje.

Halafu saa. Mombasa jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, mwaka mzima. Vipindi vikiisha saa kumi na moja, na mwanafunzi abadilishe nguo, uwanja usio na taa unawapa saa moja tu ya kazi. Anayeishi Likoni ana foleni ya feri mbele yake, na anayekwenda Mtwapa ana matatu mbili. Haya yaandikwe, na mkuu wa chuo aamue lipi litarekebishwa kabla kocha hajafika. Taa mbili za uwanjani zinaweza kuzidi mshahara wa mtu kwa faida.

Nauli ina uzito wa pekee kwa timu ya Mombasa. Katika kanuni za FIBA, shirikisho la basketi la dunia, mshindi hupata alama 2, aliyefungwa 1, na asiyetokea hapati kitu, huku akiandikiwa kufungwa 20 kwa 0. Chuo kisichosafiri kimejiadhibu zaidi ya chuo kilichokwenda kikapigwa. Nairobi ni karibu kilomita 480. Basi la usiku linalofika alfajiri ya mechi huwapeleka wachezaji uwanjani wakiwa na miguu iliyovimba. Bajeti ya kulala usiku mmoja iwekwe kabla ya bajeti ya jezi mpya.

Kamati na kalenda

Watu 5 wanatosha: afisa wa michezo, mtu wa ofisi ya wanafunzi, mtu wa ajira, mwanamke anayeujua mchezo na mazingira ya timu ya wasichana, na mtaalamu wa basketi kutoka nje ya chuo asiye na mtu wake kwenye orodha. Manahodha wasikilizwe, wasipige kura. Wakipiga kura, watamchagua anayewapenda wao, na mwaka ujao wao hawapo. Kocha msaidizi wa sasa akitaka nafasi, asikae kwenye kamati wala asiwe mpokeaji wa barua za maombi.

Tangazeni Mei, mchague Julai. Vyuo vingi hupokea wanafunzi wapya kati ya Agosti na Septemba, na kocha anayekuja Oktoba amekosa wale warefu waliopita getini bila kuulizwa kama wanacheza. Majaribio ya uwanjani yasiangukie Ramadhani: kumpima mtu kwa wachezaji waliofunga, saa kumi na moja jioni ya pwani, ni kumdhulumu yeye na wao.

Tangazo liseme mshahara. Chuo kinachoandika "malipo ni ya maelewano" hupokea barua nyingi za watu watakaoondoka wakisikia kiasi. Lieleze pia ni timu ya wanaume, ya wanawake, au zote mbili. Siku za mazoezi. Kama kuna msaidizi. Nani analipa mafunzo ya leseni. Kocha mmoja kwa timu mbili ni akiba ya uongo, kwa kuwa moja itapewa mabaki ya muda, na mara nyingi huwa ya wasichana. Kama fedha haziruhusu makocha wakuu wawili, ajirini mkuu mmoja na wasaidizi wawili wa muda wenye timu zao.

Watakaoomba

Mombasa ina hazina: mji wenye KPA (Mamlaka ya Bandari ya Kenya), timu za bandari za wanaume na wanawake zilizoshindania ubingwa wa Kenya kwa miaka mingi, haukosi watu walioujua mchezo kwa ndani. Mchezaji mstaafu mwenye jina huvuta wanafunzi siku ya kwanza. Jina hilo lakini halifundishi pasi. Mengi aliyafanya kwa kipaji na hajawahi kulazimika kuyaeleza kwa mtu asiyeweza. Mwalimu wa sekondari aliyelea timu ya shule kwa miaka kumi mara nyingi ndiye anayefaa zaidi kwa timu iliyoanguka, maana amezoea kuanza na watu wasiojua kushika mpira, na anajua shule zipi za pwani zina vijana. Kasoro yake ni muda: akiwa ameajiriwa na TSC, tume ya kuajiri walimu, michezo ya shule itagongana na msimu wenu, kwa hiyo kalenda zote mbili zilazwe mezani kabla ya kusaini. Wa tatu ni msaidizi kijana kutoka timu ya Nairobi, mwenye video na kompyuta. Mwulizeni ataishi wapi, na kwa nini anataka kushuka pwani.

Leseni ya ukocha inathibitisha kwamba mtu amepitia mafunzo. Iulizwe, ithibitishwe kwa shirikisho, lakini isimfunike aliyeonyesha kazi.

Jaribio la uwanjani

Hapa ndipo uamuzi mzuri hupatikana, na ndipo vyuo vingi huruka. Mahojiano ya ofisini humpima msemaji. Kila mmoja wa watatu au wanne wa mwisho apewe dakika 75 na wachezaji wenu halisi, 12 hadi 15, mipira 8, na mada moja kwa wote, itokane na zile hesabu. Kama timu inapoteza mipira, mada ni kutoka na mpira mnapobanwa uwanja mzima. Wapewe siku tatu za kujiandaa.

Mtu mmoja wa kamati ashike saa mbili za kupimia. Ya kwanza ipime muda ambao kocha anaongea wachezaji wakiwa wamesimama. Ikizidi dakika 20, huyo ni mhadhiri. Ya pili imfuate mchezaji mmoja dhaifu, aliyechaguliwa kwa siri: amegusa mpira mara ngapi, amerekebishwa mara ngapi, jina lake limetajwa? Kocha wa timu inayofungwa anaishi na wachezaji dhaifu. Anayewakusanya watano bora upande mmoja na kuwaacha wengine wakirusha ovyo upande wa pili ameonyesha atakavyofanya msimu mzima.

Sikilizeni jinsi anavyorekebisha. "Usipoteze mpira!" haina kitu ndani. "Geuka kwa mguu wa nyuma, mtafute mtu wa kati kabla hujapiga chini" ina kazi ya kufanya. Tazameni pia kama zoezi linapanda ngazi: watu wawili bila mkabaji, kisha mkabaji mmoja, kisha watano kwa watano. Anayerukia watano kwa watano dakika ya kumi hana ngazi. Na maji: kwa joto na unyevu wa Mombasa, kila dakika 15 wachezaji wanywe. Kocha anayeyanyima maji kama adhabu aondolewe kwenye orodha siku hiyohiyo.

Mazoezi yakiisha, wachezaji waandike bila majina kitu kimoja walichojifunza. Karatasi 13 zenye jibu linalofanana ni ushahidi mkubwa kuliko kurasa tano za wasifu.

Swali la sekunde 38

Mezani, mpeni kila mmoja hali moja: robo ya nne, zimebaki sekunde 38, tuko nyuma kwa pointi 3, wapinzani wana mpira na saa ya mtupo, yaani muda wa timu kutupa, inaanza sekunde 24, tuna taimauti 1. Unafanya nini? Msimwambie idadi ya faulo za timu, ngojeni aulize. Asipouliza, ni dosari kubwa. Tukiwa na 2, faulo ya 3 na ya 4 haziwapeleki kwenye mstari. Mitupo huru miwili huanza ya 5. Anayesema "tuwapige faulo mara moja" bila kujua hilo atapoteza sekunde akikimbizana na watu. Anayechagua kukaba ajue kwamba 38 ukitoa 24 zinabaki 14, na kwamba katika dakika 2 za mwisho akiita taimauti mpira ukiwa wetu kutoka nyuma, anaweza kuchagua kuanzia upande wa mbele, saa ya mtupo ikiwa 14. Majibu yote mawili yanaweza kutetewa. Mnachopima ni kama anayafikiria kwa utaratibu.

Kuuliza watu

Wadhamini aliowaandika kwenye barua watamsifu. Watafuteni wengine: mchezaji aliyemkata kikosini, refa wa kanda, mtu wa fedha wa timu aliyotoka. Kwa mtu wa fedha swali ni moja: posho za safari alizirudisha na risiti? Ugomvi wa alawansi umevunja timu nyingi kuliko vipigo. Cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi, ni lazima, na mahali alipofundisha wasichana, ulizeni wasichana wenyewe, mwanamke mmoja wa kamati akiwapigia simu faragha. Likisikika jambo la unyanyasaji lichunguzwe hadi mwisho kabla ya hatua yoyote mbele. Hakuna rekodi ya ushindi inayolifidia.

Mkataba

Miaka 3, wenye tathmini kila mwaka. Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, muda wa majaribio usizidi miezi 6, na ukiongezwa iwe kwa ridhaa ya mfanyakazi. Ndani yake notisi ni siku 7. Malengo ya mwaka wa kwanza yasiwe idadi ya ushindi. Yaandikwe hivi: mipira iliyopotea isizidi 17 kwa mechi kufikia nusu ya pili ya msimu, mahudhurio ya mazoezi asilimia 80, hakuna mechi ya kutotokea, wachezaji 3 wapya kutoka shule za pwani. Ushindi uingie mwaka wa pili. Upande wa chuo nao uandikwe kwa tarehe: taa, mipira 8, nauli siku 7 kabla ya safari. Ahadi ya mdomo huisha mkuu wa idara akihamishwa.

Siku ya kwanza mkabidhini ufunguo wa stoo, orodha ya wachezaji na ratiba za masomo yao, video za mechi 6 na lile jedwali la hesabu. Pangeni papo hapo tarehe ya kukaa naye baada ya wiki 10, mtu yuleyule aliyehesabu mwanzo ahesabu tena mechi mbili, na karatasi hizo mbili ziwekwe sambamba mezani.