Kabla ya Enter na baada ya hitilafu: kuingiza usanifu wa matumizi katika sprinti za zana za otomatiki

Tarehe 28 Februari 2017 mhandisi mmoja wa Amazon aliendesha amri ya kuondoa seva chache kwenye mfumo wa S3, huduma ya kampuni hiyo ya kuhifadhi data mtandaoni. Thamani moja ndani ya amri ilikosewa, zikaondoka seva nyingi kuliko zilizokusudiwa, na huduma kwenye kanda ya kaskazini mwa Virginia ikayumba kwa saa kadhaa. Zana haikuharibika; ilitii. Baadaye kampuni ilibadilisha zana yenyewe: iondoe seva polepole zaidi, na ikatae pale mfumo unapoelekea kushuka chini ya kiwango cha chini kinachohitajika. Huo ni usanifu wa uzoefu wa mtumiaji, ingawa hakuna kitufe wala rangi iliyoguswa.

Katika zana za otomatiki, uzoefu wa mtumiaji unakaa hasa sehemu mbili: kabla mtu hajabonyeza Enter, na baada ya kazi kukwama katikati. Sprinti, yaani vipindi vifupi vya kazi vya timu, zipangwe kwa kuzingatia hilo.

Tazama, usiulize tu

Kabla ya sprinti ya kwanza, kaa na watu watatu au wanne wanaofanya kazi ile kwa mikono, saa moja kila mmoja. Chagua anayeandika skripti, anayeiendesha akiwa zamu ya usiku, na anayesoma logi siku inayofuata. Mahitaji yao hayafanani. Andika madirisha wanayofungua kabla ya kutoa amri. Mtu akihesabu seva kwanza, au akihakikisha yuko kwenye mazingira ya majaribio na si ya wateja, basi hicho ndicho zana inapaswa kumwonyesha bila kuombwa. Ukimuuliza tu, atakuambia anataka dashibodi.

Mbunifu atangulie sprinti moja

Kwa sprinti za wiki 2, wakati wahandisi wanajenga kazi za sprinti ya 5, mbunifu anajaribisha yaliyotoka kwenye ya 4 na kuandaa ya 6. Asitangulie zaidi ya hapo. Akiwa mbele sprinti tatu, michoro inaoza: API (njia ya programu kuwasiliana) imebadilika, ruhusa zimebadilika, na wahandisi wanaamua wenyewe kimyakimya. Mhandisi mmoja akae naye nusu saa kila mchoro unapoanza, aseme mapema kisichowezekana.

Kwa zana ya terminali (dirisha la kuandika amri), “mchoro” ni faili la maandishi tu. Andika mazungumzo yote kati ya mtu na zana kana kwamba inafanya kazi, yakiwemo ya kushindwa. Timu nyingi huandika “Hitilafu: 403” na kusonga mbele. Linganisha na hii:

*Imeshindwa kuwasha upya huduma kwenye web-07: akaunti “deploy” haina ruhusa. Seva 6 kati ya 20 zimekamilika, 1 imeshindwa, 13 hazijaguswa. Rekebisha ruhusa, kisha rudia amri hii hii, zilizokamilika zitarukwa.*

Ujumbe huu unamdai mhandisi kazi halisi: zana ikumbuke ilipofikia, na kurudia amri kusilete madhara. Ndiyo maana uandikwe kabla ya kodi (msimbo wa programu). Ukiachwa hadi mwisho, zana haitakuwa na taarifa ya kumpa mtu.

Masharti ya “imekamilika”

Yaweke ndani ya kila kazi kwenye orodha ileile ya timu. Orodha ya pembeni ya “maboresho ya matumizi” haifunguliwi na mtu.

La kwanza ni onyesho la mabadiliko kabla ya utekelezaji, kama Terraform, zana ya kuandaa miundombinu ya seva, inavyofanya kwa amri ya plan. Hapa pana mtego: onyesho linaweza kudanganya. Ansible, zana ya kuendesha kazi kwenye seva nyingi, ikiendeshwa kwa --check (kukagua bila kubadilisha kitu), kazi za shell (amri za moja kwa moja za mfumo) kwa kawaida hurukwa, hivyo hatua inayotegemea matokeo yake inaweza kushindwa au kuonyesha picha isiyo kamili. Zana yako iseme wazi ni hatua zipi haikuweza kuzikagua.

Uthibitisho wa kitendo cha hatari uwe kuandika jina la mazingira, si herufi “y”, kwa sababu vidole huzoea “y” upesi. Lakini weka pia chaguo la kuendesha bila kuulizwa. Bila hilo, kazi iliyopangwa usiku itasubiri jibu hadi asubuhi.

Mengine ni mafupi: programu irudishe 0 (msimbo wa kufaulu) pale tu kila kitu kimefaulu, makosa yaende kwenye mkondo wa makosa (stderr, uliotengwa na matokeo ya kawaida), hali isitambulishwe kwa rangi peke yake, kwani takriban mwanamume 1 kati ya 12 hatofautishi rangi vizuri, na kazi inayozidi sekunde 10 ionyeshe imefika wapi.

Jaribisha ikiwa imeharibika

Watu watatu hadi watano kila sprinti wanatosha kuonyesha matatizo makubwa. Usiwape njia iliyonyooka. Jaza diski ya seva moja au kata mtandao wake, kisha mpe mtu amri. Pima mambo mawili: muda hadi aseme kwa usahihi hali ya mfumo, na kitu cha kwanza alichofanya. Akianza kwa kufungua kodi ya zana, ujumbe wako umeshindwa.

Kila baada ya miezi michache tumia dodoso la SUS (System Usability Scale, kipimo cha urahisi wa kutumia) lenye maswali 10. Wastani unaotajwa sana ni 68, na alama hizo si asilimia.

Kisichosubiri sprinti ijayo

Ajaili (agile, mtindo huu wa kufanya kazi kwa sprinti) huturuhusu kurekebisha baadaye, ila majina ya amri, chaguo zake na muundo wa matokeo ni suala jingine. Mtumiaji wa zana yako mara nyingi ni skripti nyingine, nayo haisomi tangazo la toleo jipya. Amua majina hayo kwenye faili la maandishi, yajaribiwe na watu wawili wasiojua mradi, ndipo yaingie kwenye kodi. Ikibidi kubadilisha, jina la zamani liendelee kufanya kazi kwa matoleo makubwa mawili, likitoa onyo kwenye mkondo wa makosa. Onyo likichanganyika na matokeo ya kawaida, skripti inayosoma matokeo hayo itavunjika siku hiyohiyo.