GMAT mara ya tatu: nilichobadilisha baada ya 535 na 545

Mara ya kwanza nilipofanya GMAT, mtihani wa kuombea nafasi kwenye vyuo vya biashara, nilipata 535. Nikajiambia ni ugeni tu, nikarudi mezani, nikafanya maswali zaidi ya elfu moja kwa miezi mitatu, nikaenda tena. 545. Alama kumi! Na mimi ni mhasibu, kutwa nashinda na namba. Jioni ile simu niliizima.

Mara ya tatu nilipata 655. Kati ya mtihani wa pili na wa tatu nilifanya maswali mapya kama mia tatu tu. Kwa hiyo ukinijia na alama zako za kukatisha tamaa ukaniuliza ununue kitabu gani kingine, nitakwambia uviweke hivyo ulivyo navyo kabatini kwanza.

Anza na mizani unayojipimia. GMAT ya sasa ilianza mwishoni mwa 2023, na ile ya zamani ikaondolewa mwanzoni mwa 2024. Ya zamani ilikwenda kutoka 200 hadi 800, alama zikiishia na 0. Hii ya sasa ni 205 hadi 805, na kila alama inaishia na 5. 645 ya leo inakaribiana na 700 ya zamani. Niliomboleza wiki nzima kwa kujilinganisha na mtu aliyefanya mtihani miaka sita kabla yangu, kumbe tulikuwa tunapimwa kwa mizani mbili tofauti.

Mizani hiyo ilinipotosha kwa njia nyingine pia. Zamani sehemu ya kusoma majedwali na grafu ilikuwa na alama yake pembeni, haikuingia kwenye jumla. Siku hizi sehemu ya data ina uzito uleule wa hesabu na lugha, kila moja ikipewa kati ya 60 na 90. Kwenye 545 yangu nilikuwa na 77 ya hesabu, 80 ya lugha na 74 ya data. Na data ndiyo niliyoisomea siku nne za mwisho tu, kwa kufuata ushauri uliopitwa na wakati. Kwa hiyo kabla hujapanga lolote, tazama alama zako tatu na ujiulize muda wako uliugawaje.

Baada ya hapo, fungua daftari la makosa. Najua umeshaambiwa. Nami nilikuwa nalo, limejaa maneno kama “asilimia”, “uwiano”, “namba tasa”. Halikunisaidia chochote, maana liliandika mada ya swali, wakati mimi nilihitaji kujua kosa lilitokea dakika gani, kwa kitendo gani. Chukua swali hili: x ni ngapi? Taarifa ya kwanza inasema x kipeo cha pili ni sawa na 5x. Taarifa ya pili inasema x si 0. Huulizwi x yenyewe, unaulizwa taarifa ipi inatosha kuipata. Nilichagua kwamba ya kwanza inatosha peke yake, kwa kuwa niligawanya pande zote kwa x nikabaki na 5. Lakini x ingeweza kuwa 0 vilevile, na kwa kugawanya nililifuta jibu hilo bila kuona. Zinahitajika taarifa zote mbili. Kwenye daftari la zamani ningeandika “aljebra”, halafu ningekwenda kusoma aljebra ninayoijua tangu utotoni. Kwenye daftari jipya niliandika: “Nimegawanya kwa herufi bila kuuliza kama ni sifuri.” Sentensi hiyo ilijirudia mara tano ndani ya wiki mbili. Hapo ndipo nilipoanza kupona.

Nilipochambua hivyo mtihani mmoja wa majaribio, makosa tisa ya hesabu yaligawanyika hivi: mawili sikujua kabisa, matatu nilisoma vibaya kilichoulizwa, manne nilikuwa nimechelewa nikijibu kwa pupa. Mawili kati ya tisa! Kumbe miezi mitatu nilikuwa natwanga maji kwenye kinu, nikisoma tena na tena nilichokuwa nakijua. Andika pia maswali uliyopata kwa kubahatisha. Yale ni makosa yaliyovaa nguo nzuri.

Kila kosa nililirudia baada ya siku kumi bila kutazama jibu. Nikilikosa, linabaki. Kufikia mwisho nilibaki na kama ishirini sugu, na hayo yalinifundisha kuliko kitabu chote.

Sasa muda, ambao ndio ulioniangusha hasa. Kila sehemu ina dakika 45. Hesabu ni maswali 21, lugha 23, data 20. Hesabu inagawanyika vizuri: maswali saba kwa dakika 15. Kwa hiyo ukimaliza la 7 saa iwe imebaki 30, ukimaliza la 14 ibaki 15. Nilitazama saa kwenye vituo hivyo viwili tu, kwa sababu ukiitazama kila swali inakula akili. Kwenye data nilitazama mara moja, nikimaliza la 10, zikiwa zimebaki kama dakika 22.

Kwenye mtihani wa pili nilikwama dakika sita kwenye swali la mabomba yanayojaza tangi. Nilikuwa “nakaribia”. Maswali manne ya mwisho nikayajibu kwa kubofya tu, ndani ya dakika moja. Kompyuta inapanga ugumu kwa jinsi unavyojibu, kwa hiyo ukifanya vizuri utakutana na maswali ya kukushinda, haina namna. Kukosa moja gumu hakukuangamizi. Kinachouma ni kuacha maswali mwishoni bila jibu, au kukosa mfululizo mengi mepesi kwa haraka.

Kusema “achia swali” ni rahisi. Kuachia kwenyewe kunataka mazoezi, hasa kama wewe ni mkaidi kama mimi. Nilifanya hivi: seti za maswali saba, dakika 15, na katika kila seti lazima swali moja litolewe kafara. Ni lazima, hata kama naweza yote. Nalisoma, naona ni refu, nabahatisha, nasonga. Wiki ya kwanza iliniuma kama kutupa pesa. Wiki ya tatu nilianza kuyanusa maswali ya kafara kabla ya sekunde thelathini kupita. Na kipimo changu kikawa hiki: dakika mbili zikifika na sijui hatua inayofuata, naondoka. Kujua “karibu” hakuhesabiki. Unaweza kulitia swali alama ulirudie mwishoni, ila unaruhusiwa kubadili majibu matatu tu kwa sehemu, na ni iwapo muda umebaki. Mimi nilikuwa natia alama mawili basi.

Kwenye data, kafara za kwanza ni maswali yenye vipengele viwili au vitatu, kwa sababu lazima upate vyote, vinginevyo hupati kitu. Kikokotoo kipo huko (kwenye hesabu hakipo), nacho ni mtego kwa watu wa taaluma yangu. Mhasibu aliye ndani yangu hakutaka kuacha hesabu bila jibu, hata pale swali lilipouliza tu kama taarifa zinatosha. Niliweka kidokezo juu ya daftari: “Hakuna anayetaka jibu lako.” Nikishajua kwamba jibu lingepatikana na ni moja, naweka kalamu chini.

Kuhusu lugha sina mengi. Maswali ya kusahihisha sarufi yameondolewa, tupa madokezo ya zamani. Yamebaki ufahamu na hoja. Kwenye hoja, tafuta hitimisho la mwandishi, useme kwa maneno yako pengo liko wapi, ndipo usome machaguo. Ukianza na machaguo, kila moja litakushawishi.

Usikimbilie tarehe. Sheria inaruhusu kurudia baada ya siku 16, hadi mara tano ndani ya miezi 12, lakini siku 16 hazitoshi kubadili tabia. Mimi nilisubiri wiki kumi, na sikulipia mpaka mitihani miwili ya majaribio iliyofuatana ilipofika nilikotaka. Ifanye saa ileile ya mtihani halisi, ukae saa mbili na robo bila simu, na mapumziko yawe yale dakika kumi tu. Mpangilio wa sehemu unauchagua mwenyewe. Niliitanguliza data kichwa kikiwa bado chepesi, hesabu ikafuata, nikapumzika, nikamalizia lugha.

Hofu ya vyuo kuona 535 yako iweke kando. Unaona alama kwanza, ndipo unaamua kuzituma au la, na ripoti unayotuma inaonyesha mtihani huo mmoja.

Siku yenyewe nilitoa kafara maswali mawili ya hesabu, moja likiwa la mabomba. Nilifika la 21 zikiwa zimebaki dakika tatu na nusu, nikalisoma mara mbili.