Kabla hujaweka dole gumba kwenye mkataba wa kaboni

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wakulima hapa Masindi, Uganda. Mvua za Machi zikikaribia, akina mama huniletea karatasi za mikataba ya kaboni wakiuliza, "Mama, tusaini?" Huwaambia tuketi kwanza, tupige hesabu.

Mti unapokua huvuta hewa ukaa na kuihifadhi kwenye shina na mizizi. Hiyo ndiyo kaboni; hupimwa kwa tani, na kampuni ya mbali hulipia tani hizo ili kufidia moshi wake. Ardhi inabaki yako, miti pia. Unachouza ni ahadi kwamba miti hiyo haitakatwa. Kwa hiyo kwenye mkataba tafuta kwanza miaka miwili: mwaka wa malipo ya mwisho, na mwaka ambao utakuwa huru kukata. Mpango wa Trees for Global Benefits, ulioanzia Bushenyi mwaka 2003 chini ya ECOTRUST, shirika la mazingira la hapa Uganda, hulipa kwa awamu ndani ya miaka 10. Mkataba wako ukikufunga kupita malipo ya mwisho, uliza utakula nini miaka inayobaki.

Sasa kalamu. Mwenye mradi akwambie tani ngapi kwa hekta, bei ya tani moja, na fungu la mkulima. Plan Vivo, kiwango cha kimataifa cha miradi ya kaboni, kinataka angalau asilimia 60 ya mauzo iende kwa wanajamii. Nawe usikubali jibu la "tutaona". Tuseme ni tani 200 kwa hekta, kwa dola 6 kila tani. Jumla ni dola 1,200, na asilimia 60 yake ni 720. Zigawe kwa miaka 10: dola 72 kwa mwaka, tena kwa hekta nzima. Mwenye eka moja atapata kama dola 29. Weka pembeni yake mahindi na maharage ya eka hiyohiyo, misimu miwili kila mwaka. Mimi huona uchungu nikikuta mama amejaza miti shamba lote, halafu ananunua unga dukani. Panda mipakani, au kwenye kipande kilichochoka. Mti wa musizi hukua haraka, na kahawa hustawi chini ya kivuli chake. Hapo una kitu cha kuvuna kila mwaka huku ukingoja kaboni.

Ardhi ya familia haiwekwi rehani wala kuuzwa bila idhini ya mume au mke. Hivyo ndivyo inavyosema Sheria ya Ardhi ya 1998. Mkataba wa miaka mingi nao uuheshimu hivyohivyo: mketi wote wawili, watoto wakubwa wawepo, majirani wathibitishe mipaka, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, agonge muhuri. Kama uko kwenye kibanja, yaani unalima kwenye ardhi ya mtu mwingine, mwenye ardhi ajue mapema.

Uliza pia moto ukipita mwezi wa Januari, au ng'ombe wa jirani wakila miche, nani atapanda upya na kwa gharama ya nani. Jibu liandikwe mkatabani.

Usomewe kila ukurasa kwa lugha unayoielewa. Nakala moja ibaki kwako siku hiyohiyo, na namba ya simu ya kupokea malipo iwe imesajiliwa kwa jina la yule anayepalilia miti.